Tairi Rahisi au Tairi Ghali? Sayansi ya Mpira Ugusao Barabara

Mji wa Kahama umekaa kwenye njia kuu itokayo Dar es Salaam, ikapita Dodoma, Singida na Nzega, kisha ikaendelea hadi mpaka wa Rusumo na nchi ya Rwanda. Malori yaendayo Rwanda na Burundi hupita hapo usiku na mchana. Kutoka mjini humo huchepuka barabara za changarawe ziendazo vijijini, kwenye mashamba ya mpunga na pamba, na kwenye machimbo ya dhahabu ya upande wa Bulyanhulu na Geita. Kwa sababu hiyo gari dogo la abiria, mojawapo ya yale ambayo watu wameyapa jina la michomoko, laweza katika siku moja kukimbia juu ya lami laini, kuruka juu ya kokoto zenye ncha, na kusukumwa na abiria wake katika udongo mweusi wa mbugani.

Mwenye gari la namna hiyo anapokwenda dukani hukuta matairi mawili yenye vipimo vilevile, meusi vilevile na ya duara vilevile, lakini bei ya moja ni karibu mara mbili ya bei ya jingine. Wako watakaomwambia kwamba kitu rahisi huwa ghali mwishowe. Wako pia watakaomwambia kwamba kinachouzwa ni jina la kampuni tu. Kila upande una sehemu ya ukweli. Jibu kamili hutegemea mambo matatu: jinsi mpira ulivyotengenezwa, aina ya barabara, na jinsi dereva anavyolitunza tairi lake. Mambo yote hayo yanaelezeka kwa fizikia na kemia ifundishwayo katika shule za sekondari.

Kilichomo ndani ya tairi

Mpira mbichi utokao kwenye utomvu wa mti ni kitu kisichofaa kwa gari. Ukipata joto hulainika na kunata, na ukipata baridi huwa mgumu. Mmarekani Charles Goodyear ndiye aliyegundua kwamba mpira ukipikwa pamoja na salfa hupata uimara. Alipewa hataza ya ugunduzi huo mwaka 1844. Molekuli za mpira ni kama nyuzi ndefu zilizovurugana. Salfa huzifunga nyuzi hizo hapa na pale, hata zikivutwa hurudi mahali pake. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alitengeneza tairi la upepo kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake. Alikuwa hajui kwamba Robert William Thomson alikwisha pewa hataza ya wazo kama hilo tangu mwaka 1845.

Tairi la leo lina mambo mengi zaidi. Ndani yake mna nyuzi za nguo ngumu, mikanda ya waya wa chuma chini ya uso unaogusa barabara, mpira wa asili, mpira wa viwandani utokanao na mafuta ya petroli, na masizi. Masizi hayo si rangi tu. Ndiyo yanayoupa mpira nguvu ya kutochanika wala kulika upesi, na ndiyo sababu matairi ni meusi.

Ufundi huu haukuwa mgeni Tanzania. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoendeshwa kwa ubia kati ya Serikali na kampuni ya Kimarekani, kilianza kutengeneza matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mashamba ya mpira yalikuwako Kihuhwi, wilayani Muheza, na Kalunga, katika bonde la Kilombero. Kampuni ya Kimarekani ilinunuliwa na Continental ya Ujerumani mwaka 1987, na kiwanda cha Arusha kilisimamisha kazi kabla ya mwaka 2010. Tangu hapo mnunuzi wa Kahama huchagua miongoni mwa matairi ya majina mengi yatokayo nchi za nje, naye hana budi kujua la kutazama.

Ziada ya bei inalipia nini?

Mpira ukibonyezwa na kuachwa haurudishi nishati yote uliyopewa. Sehemu ya nishati hiyo hugeuka kuwa joto na kupotea. Sifa hii moja ina faida na hasara kwa wakati mmoja. Tairi linapozunguka, kila sehemu ya uso wake hubonyea inapogusa barabara, kisha hurudi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, tairi lenye mzingo wa meta 1.8 huzunguka takriban mara 12 kwa sekunde, na katika kila mzunguko nishati kidogo hupotea. Nishati hiyo hutoka katika petroli ambayo mwenye gari ameinunua. Kwa upande huu ingefaa mpira usipoteze nishati hata kidogo.

Lakini dereva anapokanyaga breki juu ya lami iliyolowa, mpira huburutwa juu ya vijiwe vidogo sana vya lami, ukabonywa na kuachiwa maelfu ya mara kwa sekunde. Hapo upotevu wa nishati ndio msaada: mpira usiorudi upesi hung'ang'ania vijiwe, na gari husimama. Mtengenezaji, basi, anatafuta mpira upotezao nishati kidogo katika mtikisiko wa polepole na upotezao nishati nyingi katika mtikisiko wa haraka, na tena usiolika upesi. Kwa muda mrefu mambo haya matatu yalivutana: kuzidisha moja kulikuwa kupunguza jingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vikubwa vilianza kutumia silika badala ya sehemu kubwa ya masizi katika uso wa matairi ya magari madogo, pamoja na kemikali ya kuunganisha silika na mpira. Mvutano ule haukwisha, lakini ulipungua sana.

Mchanganyiko kama huo ni wa gharama kuupika, na miaka ya majaribio kabla ya kuuza ni gharama nyingine. Hicho ndicho kitu halisi ambacho ziada ya bei hulipia. Katika majaribio ya vyama vya wenye magari vya Ulaya, kama ADAC ya Ujerumani, tofauti kubwa kati ya matairi ya bei ya chini na yale ya bei ya juu huonekana mara kwa mara katika kufunga breki kwenye maji. Katika barabara kavu tofauti huwa ndogo zaidi. Hata hivyo si kila tairi rahisi ni baya. Yapo ambayo ni kazi ya viwanda vilevile vikubwa chini ya majina mengine, na yapo yaliyotengenezwa vizuri na viwanda vichanga.

Hesabu ya meta kumi na tisa

Umbali ambao gari husafiri tangu breki zinaposhika hadi linaposimama hupatikana kwa kanuni hii:

umbali = v² ÷ (2 × k × g)

Hapa v ni mwendo kwa meta kwa sekunde, k ni kizigeu cha msuguano kati ya tairi na barabara, na g ni mchapuko utokanao na mvutano wa Dunia, yaani 9.8. Uzito wa gari haumo katika kanuni, kwa kuwa gari zito lina nishati nyingi zaidi lakini pia hukandamiza barabara kwa nguvu zaidi.

Ichukuliwe kwamba magari mawili yanakwenda sambamba kwa kilomita 80 kwa saa, sawa na meta 22.2 kwa sekunde, katika barabara iliyolowa. La kwanza lina matairi yenye kizigeu cha 0.8, la pili lina matairi yenye kizigeu cha 0.5. Mbuzi anakatiza, na madereva wote wawili wanakanyaga breki kwa pamoja. Gari la kwanza litasimama baada ya meta 31.5. Gari la pili litahitaji meta 50.4. Tofauti ni takriban meta 19.

Jambo la kutisha zaidi limejificha ndani ya hesabu hiyo. Mahali ambapo gari la kwanza limekwisha simama kabisa, gari la pili lingali na mwendo wa meta 13.6 kwa sekunde, yaani kilomita 49 kwa saa. Kama badala ya mbuzi aliyesimama hapo ni mwanafunzi atokaye shuleni, dereva wa kwanza atampigia honi, na dereva wa pili atamwua.

Namba 0.8 na 0.5 zimechaguliwa ili hesabu ieleweke. Kati ya matairi mawili mapya tofauti yaweza kuwa ndogo kuliko hiyo. Kati ya tairi jipya zuri na tairi kipara yaweza kuwa kubwa kuliko hiyo. Lakini kanuni ileile inatoa pia njia ya kujiokoa. Dereva mwenye matairi ya 0.5 atasimama ndani ya meta 31.5 zilezile endapo atakwenda kilomita 63 kwa saa badala ya 80. Asiyeweza kununua tairi bora anaweza, basi, kulipa tofauti hiyo kwa mwendo, na malipo hayo hayahitaji fedha.

Mifereji na maji ya mvua

Mvua za Kahama huanza kwa kawaida mwezi wa Novemba na kuendelea hadi Aprili. Mvua ya kwanza ndiyo yenye hila, kwa kuwa hukuta vumbi na matone ya mafuta ya miezi mingi juu ya lami, ikavichanganya kuwa utelezi. Kazi ya mifereji iliyomo baina ya vipande vya uso wa tairi, ambavyo mafundi huviita kashata, ni kuyapa maji njia ya kutokea ili mpira uguse barabara.

Kazi hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Tairi lenye upana wa milimita 165, likipita kwa kilomita 80 kwa saa juu ya maji yenye kina cha milimita 3, hukutana na lita 11 za maji katika kila sekunde. Maji hayo yakikosa njia, tairi hupanda juu yake kama mtumbwi, usukani ukawa mwepesi, na breki zikawa hazina kazi. Nchi nyingi zimeweka kina cha milimita 1.6 kuwa mwisho wa mfereji kwa magari madogo, na viwanda huweka vinundu vya mpira ndani ya mifereji kuonyesha kiwango hicho. Kashata zikilika hadi kufikia vinundu, tairi limekwisha. Tairi rahisi lenye milimita 8 za mfereji lina nafasi nzuri zaidi katika maji kuliko tairi la jina kubwa lililobaki na milimita 2.

Changarawe hubadili hesabu ya fedha

Hoja inayotolewa sana kutetea tairi ghali ni kwamba hudumu. Hoja hiyo ipimwe kwa bei ya kila kilomita. Tuseme, kwa ajili ya zoezi, tairi moja ni shilingi 100,000 na hulika kwa kilomita 30,000. Jingine ni shilingi 180,000 na hulika kwa kilomita 60,000. La kwanza hugharimu shilingi 3.33 kwa kilomita, la pili shilingi 3.00. Kwa mtu ambaye safari zake ni za lami, kutoka Kahama kwenda Isaka, Tinde na Shinyanga, tairi ghali ndilo rahisi.

Sasa gari hilo lihamishiwe kwenye njia za changarawe na mawe. Huko matairi mengi hayafi kwa kulika. Hufa kwa kukatwa na jiwe, kwa kugonga ukingo wa shimo, au kwa kupasuka ubavuni, mahali pasipo na mikanda ya chuma na ambapo fundi wa pancha hawezi kupatengeneza kwa usalama. Ikiwa matairi yote mawili yatakatwa yakiwa yamekwenda kilomita 20,000, tairi la kwanza litakuwa limegharimu shilingi 5 kwa kilomita na la pili shilingi 9. Uhai mrefu uliolipiwa haukupata nafasi ya kutumika. Mwenye njia kama hizo hufaidika zaidi kwa kununua tairi lenye ubavu mgumu, lililotengenezwa kwa magari ya mizigo midogo, hata kama jina lake si maarufu.

Migodi ya wazi inalijua jambo hili vizuri. Matairi ya malori yake makubwa ni ya bei kubwa mno, na njia mojawapo ya kuyalinda ni kuchonga na kufagia barabara za mgodi ili mawe yasibaki njiani. Pale barabara inapotunzwa, tairi bora hurudisha gharama yake.

Jina kubwa si kinga

Yako matairi ya majina makubwa ambayo hayafai Kahama hata kidogo. Magari mengi yaliyotumika huja kutoka Japani, na baadhi yake huja na matairi ya majira ya barafu. Ubavuni huandikwa STUDLESS, au huwa na alama ya mlima wenye chembe ya theluji. Mpira wake umepikwa uwe laini hata katika baridi kali. Juu ya lami iliyochomwa na jua la mchana mpira huo hulainika kupita kiasi, hulika upesi, na gari huyumba.

Umri nao ni adui asiyeonekana. Oksijeni na ozoni ya hewani hushambulia molekuli za mpira polepole hata tairi likiwa limetundikwa dukani, hasa likipigwa na jua. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma la mwaka, mbili za mwisho ni mwaka. Tarakimu 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nene laweza kuvutia macho, lakini likiwa na umri wa miaka kumi na nyufa ndogondogo ubavuni, unene huo ni pambo tu. Na ndani yake huenda kuna waya uliokatika ambao mnunuzi hawezi kuuona.

Uzito na upepo

Kila tairi lina namba ya uzito linaoruhusiwa kubeba. Namba 82 ni kilo 475, 88 ni kilo 560, na 91 ni kilo 615. Gari lenye uzito wa kilo 1,100 likipakia watu wanane wa kilo 65 na magunia matatu ya mpunga ya kilo 90, jumla yake ni kilo 1,890. Matairi manne ya namba 82 huruhusu kilo 1,900, na mwenye gari aweza kudhani yuko salama. Lakini magunia na abiria wengi wako nyuma, hivyo matairi mawili ya nyuma hubeba zaidi ya kilo 475 kila moja. Hakuna jina la kampuni litakalofuta ziada hiyo.

Upepo ukipungua, ubavu hupinda zaidi katika kila mzunguko, joto huongezeka, na mwisho wake mpira huachana na nyuzi. Matairi mengi yanayosemwa kwamba yamepasuka yenyewe yalikuwa yamepikwa hivyo kwa muda mrefu. Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi. Tairi lenye pauni 32 kwa inchi ya mraba katika nyuzi 25 za Selsiasi litasoma takriban pauni 36 hadi 37 hewa yake ikifika nyuzi 55. Dereva aonaye hivyo mchana na kupunguza upepo hufanya kosa: tairi likipoa litakuwa na upepo pungufu kuliko lilivyopaswa kuwa.

Uamuzi

Kutokana na hayo, mpango wa mnunuzi waweza kuwekwa hivi. Kwanza, achague tairi jipya lenye vipimo na namba ya uzito inayolingana na gari na kazi yake, lenye alama zinazosomeka na tarehe ya karibuni. Sharti hili halina punguzo. Pili, atazame barabara zake: anayekimbia sana juu ya lami wakati wa mvua, hasa akibeba abiria, ana sababu ya kulipia tairi linaloshika maji; anayekwenda polepole juu ya changarawe alipie ugumu wa ubavu. Tatu, kama ana fedha za matairi mawili tu, yale mapya yafungwe nyuma, kwa sababu gari linaloteleza nyuma huzunguka na ni vigumu kulirudisha. Nne, anunue geji ya upepo, ambayo bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya tairi lolote. Tairi rahisi linalotunzwa litamfikisha mbali kuliko tairi ghali lililosahauliwa. Mwenye pikipiki afuate kanuni hizohizo, naye ana matairi mawili tu ya kutegemea.

Zoezi la darasani

Walimu wa fizikia wanaweza kuanza kwa katambuga, ambazo ni matairi yaliyokwisha maliza kazi yake barabarani. Kipande cha mpira wa tairi kiwekwe juu ya kipande cha saruji, na saruji iinuliwe upande mmoja polepole hadi mpira uanze kuteleza. Tanjenti ya pembe hiyo ndiyo kizigeu cha msuguano tuli. Jaribio lirudiwe saruji ikiwa imelowa maji, kisha ikiwa na maji yaliyochanganywa na vumbi. Wanafunzi waziingize namba zao katika kanuni iliyotajwa juu, waone meta zinavyoongezeka. Baada ya hapo watoke na rula hadi kituo cha magari, wapime kina cha mifereji ya matairi kwa idhini ya madereva, na kusoma tarakimu nne za tarehe. Watakayoyaona wawaeleze wenye magari hayo kwa adabu, kwa kuwa ndiyo magari yanayowapeleka nyumbani.